Sekunde Tatu, Jumlisha au Toa

Mahamri ndiyo yaliyoanzisha yote. Ukimwuliza Nerima leo alianza lini kumchukia Mwalimu Mastura, atakuambia hakumchukia hata siku moja, na atakuwa anakudanganya mchana kweupe. Alimchukia tangu jioni ile mumewe alipoingia nyumbani na bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kijani, akaliweka kwenye karo na kusema, "Hii ni ya Mastura. Alituletea mahamri staffroom. Ioshe tu, nitamrudishia Monday."

"Mlikula wangapi?" Nerima akauliza.

"Wengine walikuwa class," mumewe akajibu, akaenda zake kuvua viatu.

Loo! Mtu afungashiwe mahamri na mwanamke mwingine, ayale peke yake mpaka makombo, kisha bakuli liletwe lioshwe na mkewe! Nerima aliliosha. Alilisugua kwa waya wa sufuria mpaka ua lililochorwa kwenye kifuniko likaanza kufutika. Na kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, ikambidi pia akijaze. Alikijaza maparachichi. Alichagua yale magumu kama jiwe, na akayaombea yasiive kamwe.

Mume mwenyewe alikuwa Ephantus Mwaura, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari iliyo mteremkoni, juu ya bonde la Subukia. Nerima alikuwa fundi wa nguo pale sokoni, mwenye cherehani mbili na wateja wengi wa sare za shule. Alikuwa ametoka mbali, kwao Bungoma, akaolewa na mtu ambaye hakuwa mzuri wa sura wala mwepesi wa maneno, ila alikuwa wake, na hilo lilimtosha. Walikuwa na binti mmoja, Abby, aliyesoma shule ya bweni huko Bahati. Sifa za Ephantus zilikuwa chache na za kutegemewa: hakulewa, hakuchelewa, na hakuchana nywele. Mwaka huu alianza kuchana nywele.

Dalili ya mvua ni mawingu, na Nerima hakuwa kipofu.

Mastura alihamia shule ile mwezi wa kwanza, kutoka Nakuru mjini, mtaa wa Bondeni, ambako babu yake alifika zamani kutoka pwani na hakurudi tena. Alikuwa na miaka ishirini na minane, hana mume, na alipenda hijabu za rangi ya ndizi mbivu. Wiki yake ya kwanza aliingia maabara, akachukua grafu ambayo wanafunzi wa Ephantus walikuwa wameichora, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "hizi points zote ziko kwa line. Hakuna hata moja imekosea. Si hiyo ndiyo inaonyesha zimepikwa?"

Na kweli zilikuwa zimepikwa. Kwa miaka yote wanafunzi wa maabara ile walijua jibu kabla ya kupima, kisha wakazipika namba mpaka zikafanana na jibu. Ephantus alilijua hilo na akanyamaza, kwa sababu grafu zilitoka nzuri na mtihani ulipita. Mtu mwingine angekasirika kuambiwa hivyo na msichana aliyefika juzi. Laiti angekasirika! Yeye alirudi nyumbani usiku huo macho yakimwaka, akalirudia swali lile mara tatu mbele ya mkewe kama mtu anayerudia aya ya Biblia.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na jambo la hakika tena. Zamani Ephantus alisema atafika saa kumi na mbili na akafika saa kumi na mbili. Sasa alisema, "Saa kumi na mbili, jumlisha au toa dakika ishirini." Sukari ilikuwa vijiko viwili, jumlisha au toa nusu. Mchungaji alihubiri saa nzima, jumlisha au toa robo. Kila kipimo, alisema, lazima kisemwe pamoja na shaka yake. Asiyetaja shaka yake ni mwongo hata kama amepatia. Na kila sentensi ya namna hiyo ilianza kwa maneno yaleyale mawili, "Mastura anasema."

"Makosa yako aina mbili," alimwambia siku moja, mdomo umejaa githeri. "Kuna lile linarukaruka, mara juu, mara chini. Hilo ukipima mara nyingi, linajisawazisha. Halafu kuna lile linavuta side moja tu. Hilo ndilo mbaya. Sasa tepu yako ya nguo, tuseme imevutika. Utapima mteja mara mia, na mara mia utapata uongo uleule."

"Nikiona nguo zote zinabana, nitajua ni tepu," Nerima akasema.

"Ehe! Ukiona zote zinaenda side moja, ujue kuna kitu kinavuta." Akamtazama kwa furaha. "Mastura pia anasema hivyo."

Nerima akaondoa sahani kabla hajamaliza kula.

Usidhani hakujaribu kujizuia. Alijiambia ni kazi tu, ni fizikia tu, mume wake ni mtu wa kupenda vitu na si watu. Lakini wivu ni mgeni asiyebisha hodi. Alipokuwa akikata kitambaa aliwaona wawili hao wameinamia meza moja. Alipokuwa akipiga pasi aliwasikia wakicheka. Hata simu ya mumewe aliichungulia, Mungu amsamehe, akakuta picha za mizani, picha za vipimajoto, na chini yake Mastura ameandika, "Nimefurahi sana leo." Amefurahi nini na mizani? Usiku huo Nerima alimpigia dada yake Emmy, aliyebaki Bungoma.

"Nikiona kwa macho yangu mwenyewe, nakuja huko," alisema. "Sitakaa hapa nichekwe na bonde zima."

"Na usipoona?"

"Nitaona."

Akatoa begi, akatia nguo zake, akalisukuma mvunguni mwa kitanda. Alilolihitaji sasa ni nafasi ya kuona.

Nafasi ikaletwa na Ephantus mwenyewe, mezani, kwa mikono miwili. Shule ilitaka kupeleka jaribio kwenye maonyesho ya sayansi mjini Nakuru, na yeye na Mastura walikuwa wamepata wazo: wapime kasi ya sauti, si kwa kusoma kitabuni, bali kwa kuikimbiza kuvuka bonde. Kwenye kilima cha ng'ambo, kando ya kanisa, kulikuwa na kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mkaratusi ili kiwe kengele. Kutoka hapo mpaka kiwanja cha shule ni mita elfu moja na ishirini, jumlisha au toa tano. Mtu mmoja asimame kule, aigonge reli huku akiangusha kitambaa cheupe. Walio kiwanjani wakiona kitambaa kinaanguka wabonyeze saa, wakisikia mlio wabonyeze tena. Jicho huona papo hapo, sikio husubiri kidogo. Gawanya umbali kwa muda, umeipata kasi ya sauti.

"Shida ni kidole," Ephantus alisema. "Mwingine anachelewa, mwingine anawahi. Ndio maana tunataka watu wengi, tutafute wastani. Tuko na stopwochi sita na wanafunzi watano."

"Mnataka mtu wa sita?" Nerima akauliza. "Mimi niko."

Ephantus aliruka akamshika mikono. Miaka yote ya ndoa alikuwa akitamani mkewe apende fizikia. Nerima alimwachia mikono hiyo, akihisi haya kidogo, lakini kidogo tu.

Jumamosi ile ya Julai ilikuwa ya mawingu yaliyofunga kabisa, hakuna jua wala upepo, na moshi wa majiko bondeni ulipanda wima. Ephantus akasema siku nzuri zaidi haijawahi kutokea. Yeye na Mastura wakavuka kwenda kilimani. Kule kulihitaji watu wawili, kwa sababu reli ikigongwa huendelea kulia, na lazima mtu aishike kwa mikono miwili inyamaze kabla ya kugongwa tena. Nerima alibaki kiwanjani na wanafunzi, ameshika stopwochi iliyoandikwa sita kwa kalamu nyekundu.

Kutoka pale, watu wa kilimani walikuwa wadogo kama punje za mahindi. Koti la buluu la mumewe lilionekana. Hijabu ya manjano ilionekana vizuri zaidi, maana rangi ile ilionekana hata pale usipotaka kuiona. Simu ya mwanafunzi ikalia, sauti ya Mastura ikasema, "Tayari," na wote wakanyanyua vidole gumba.

Mara ya kwanza Nerima aliangalia kitambaa. Mara ya pili pia. Kisha akaona kitu kilichomfanya asahau kitambaa. Manjano ilitembea, ikasogea kwenye buluu, ikaingia juu yake mpaka buluu haikuonekana. Zilikaa hivyo, rangi mbili zimekuwa moja. Kisha zikaachana. Simu ikalia. "Tayari."

Nerima alikodoa macho. Sasa hakuwa na habari na kitambaa. Alikuwa anatazama ile nafasi kati ya rangi mbili, anapima nafasi hiyo, inapungua, inaongezeka, inapungua. Kitambaa kilianguka na vidole vya wanafunzi vikasikika vikibonyeza, ndipo naye akakumbuka kubonyeza. Kengele ikafika. Akabonyeza tena. Na kule juu manjano ikaifunika buluu kwa mara nyingine.

Ilikuwa hivyo kila mara. Gonga, funika. Gonga, funika. Mbele za kanisa! Macho hayana pazia, na Nerima aliyaacha yatazame mpaka yakamwuma. Walipomaliza duru ya asubuhi alikuwa ameshapanga safari yote kichwani: Jumapili alfajiri, Nakuru, kisha gari la Bungoma. Alichojiuliza tu ni kama aage au asiage.

Ephantus na Mastura walirudi wakitweta, na Mastura ndiye aliyeleta wazo la pili. Alisema ingefaa saa zibadilishwe mikono, ili ijulikane kosa la mtu na kosa la kifaa. Yeye mwenyewe angependa kupima mchana. "Lakini lazima mtu ashike reli," akamalizia.

"Nitaenda mimi," Nerima akasema. Akamwekea Mastura stopwochi namba sita kiganjani bila kumtazama.

Walipanda kilima, mume mbele na mke nyuma, na Nerima alikuwa akichagua maneno ya kwanza atakayomwambia wakifika juu. Yalikuwa maneno makali, mengine ya Kibukusu, lugha ya kwao. Lakini walipofika chini ya mkaratusi aliona mahali penyewe, na maneno yakamkwama. Reli ilining'inia karibu kabisa na ukuta wa jiko la kanisa. Nafasi iliyobaki ilimtosha mtu mmoja kwa shida. Ephantus akasimama hapo na nyundo yake, akapiga huku akiangusha kitambaa, akasema, "Shika, Mama Abby, shika!" Na ili aishike, Nerima alilazimika kupita mbele yake, mgongo wake ukigusa lile koti la buluu, kama ambavyo mtu yeyote angelazimika kupita, hata mchungaji, hata askofu.

Alikishika kile chuma kinachotetemeka, na yeye mwenyewe akaanza kutetemeka kwa kicheko. "Unacheka nini?" Ephantus akauliza. "Reli inanitekenya," akasema. Mungu wangu, kumbe ni ukuta! Usingizi wote aliopoteza, begi, simu aliyompigia Emmy, na kumbe ni ukuta wa jiko. Aliapa kulifungua begi lile jioni hiyohiyo kabla hajabandika chai.

Lakini binadamu ni binadamu, na furaha yake haikutoka bila chumvi. Kule chini kiwanjani, kati ya sweta za wanafunzi, aliiona ile punje ya manjano. Akakumbuka bakuli. Sasa zamu yako, alisema moyoni. Akatoa leso, akampangusa mumewe jasho la paji la uso taratibu, kama watu waliooana jana. Mara nyingine akamsogelea kabla hata reli haijagongwa. Akamrekebisha kola. Akacheka kwa sauti kubwa ingawa alijua kicheko hakivuki bonde. Ephantus hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa anahesabu. "Kaa kando kidogo, kitambaa hakitaonekana," alisema, na Nerima akakaa kando, kidogo tu.

Saa kumi jioni walikuwa maabara, watatu peke yao. Wanafunzi walikuwa wamezisoma namba zao, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Ephantus aliziandika zote ubaoni, asubuhi upande wa kushoto, mchana upande wa kulia, kila saa na safu yake. Mastura alikuwa na kikokotoo. Nerima alikaa kwenye stuli ndefu akinywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha maabara, ametulia, karibu ampende kila mtu.

"Watoto wako sawa kabisa," Ephantus alisema akirudi nyuma kutazama. "Huyu juu kidogo, huyu chini kidogo, wanarukaruka vile inafaa. Wastani wa asubuhi mbili nukta tisa nane. Wa mchana mbili nukta tisa saba. Karibu sekunde tatu, asubuhi na mchana." Akasita. "Lakini namba sita."

Nerima akaiweka chai chini.

Safu ya sita ya asubuhi ilianza vizuri. Namba mbili za kwanza zilikuwa karibu na sekunde tatu kama za wengine. Kuanzia ya tatu zote zilishuka: mbili nukta sita, mbili nukta sita, mbili nukta tano. Hakuna hata moja iliyoruka juu. Alikuwa fundi, alijua nguo zinazobana zote. Alimwona mumewe akiinamisha kichwa upande, vile anavyofanya anapokaribia kuelewa jambo, na akatamani ardhi impasukie. Kwa maana hii namba ilikuwa yeye. Ilikuwa ni macho yake yaliyoacha kitambaa na kwenda kupeleleza, yameandikwa kwa chaki, mbele ya mwanamke yule yule.

"Ni hii saa," alisema haraka. "Hii saa ni mbovu, Baba Abby. Hata niliona ikishikashika."

"Hiyo inaweza kuwa," Ephantus akasema, akifurahi. "Maana angalia, mchana nayo imefanya vivyo hivyo."

Nerima akageuza macho upande wa kulia wa ubao. Safu ya sita, mchana. Mbili nukta sita. Mbili nukta saba. Mbili nukta sita. Kutoka juu mpaka chini, zote fupi, zote upande mmoja.

Hakumtazama Mastura. Alisikia tu kikokotoo kikiwekwa mezani polepole.

Ephantus alichukua saa namba sita mkono mmoja na namba moja mkono mwingine, akazibonyeza pamoja, akasubiri, akazisimamisha. Akalinganisha. Akarudia kwa namba mbili. Akarudia tena, maana sasa alikuwa mtu wa kurudia. Kisha akazipanga zote mezani na kutikisa kichwa.

"Saa haina shida," alisema. "Ni watu. Watu wawili tofauti, kosa moja, kiasi kilekile, side ileile. Hii si bahati. Mwisho mko sawa, sikio lilisikia. Ni pale mwanzo ndiyo mmechelewa. Kitambaa kimeanguka na nyinyi bado." Alikuwa anatabasamu, masikini, tabasamu la mtu aliyepewa kitendawili kizuri. "Sasa niambieni. Macho yenu yalikuwa wapi?"

Nerima alikuwa anafikiri, na hakupenda alichofikiri. Yeye asubuhi alichelewa kwa sababu alikuwa akiwatazama watu wawili badala ya kitambaa. Je, mchana, huyu naye alikuwa akitazama nini? Kule kilimani hakukuwa na kitu isipokuwa mti, ukuta, Ephantus, na mke wa Ephantus aliyekuwa akimpangusa jasho. Mtu asiyejali angetazama kitambaa. Wanafunzi walitazama kitambaa. Na hapo furaha yote ya mchana ikamtoka, na lile begi la mvunguni likamrudia akilini likiwa zito kuliko asubuhi. Hakuwa mwendawazimu, basi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akamtazama sasa. Mastura alikuwa ameinamisha uso, anakunja pindo la hijabu yake kwa vidole, analikunjua, analikunja. Alipoinua macho yalikuwa yamejaa maji, na yalikuwa yakimwomba Nerima kitu kimoja tu, anyamaze. Nerima alikuwa ameyangoja macho hayo tangu siku ya bakuli. Alikuwa ameshayatukana katika ndoto. Na sasa alipoyapata hapo mbele yake, hasira aliyoiwekea akiba ikawa imepoa kama ile chai, isipokuwa kidogo iliyobaki chini ya kikombe, na hiyo ndiyo iliyosema.

"Tulikuwa tunaangalia kitu kimoja."

"Kitu gani?" Ephantus akauliza, chaki tayari mkononi.

"Wewe, Baba Abby. Mimi asubuhi. Yeye mchana."

Ephantus alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akageuka akautazama ubao, safu ya sita ya kushoto, safu ya sita ya kulia, akarudi kushoto, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao Nerima alimwona akisoma namba asizozitaka.

"Nilidhani haiwezi kuonekana," Mastura alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi, Mama Abby, sijawahi kumwambia neno. Hata yeye hajui. Mimi nilikuja tu kufanya kazi."

"Najua," Nerima akasema, na alijua kweli. "Hata mimi nilidhani haionekani."

Ilikuwa ajabu kwamba wakati huo hapakuwa na mtu aliyemwelewa Nerima duniani kuliko mwanamke yule. Hata Emmy hakumwelewa hivyo. Angetaka bado kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Na mimi?" Ephantus akauliza. Aliuliza kama mtoto aliyekuta watu wazima wanagombana juu yake. "Mimi nimefanya nini?"

Nerima aliteremka kwenye stuli, akaenda ubaoni, akaweka kidole kwenye safu za wanafunzi. Tatu kasoro, tatu na kidogo, tatu kasoro. Upande wa kushoto na upande wa kulia zilikuwa ndugu.

"Wewe hukufanya kitu," alisema. "Asubuhi ulikuwa na yeye, mchana ulikuwa na mimi. Kama mkono wako ungechelewa, kitambaa kianguke huku nyundo bado, namba za watoto zingeonyesha. Mkono wako haukuchelewa hata kidogo."

Hiyo ndiyo hakika aliyokuwa akiitafuta tangu mahamri. Alikuwa tayari kuvunja ndoa ili aipate, na sasa aliipata kwa nafasi mbili za desimali: mkono wa mumewe haukuyumba kwa ajili ya Mastura. Kwa nini basi hakufurahi? Alimwona Mastura naye akizitazama safu zilezile, akizisoma vilevile, na akajua jibu kabla hajajiuliza mara ya pili. Mkono ule haukuyumba kwa Mastura, na haukuyumba kwa mkewe aliyempangusa jasho mbele ya bonde zima.

Ephantus aliwapa mgongo wote wawili. Akaugeukia ubao, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuelekeza uso. Alizikata safu mbili za sita kwa mstari. Kando yake akaandika jibu, kama mtu anayejishikilia kwenye nguzo: mita mia tatu arobaini na tatu kwa sekunde. Kisha akaanza kuandika alama yake ile ya jumlisha au toa.

Mstari ukatoka umepinda. Akaufuta kwa kiganja, akaandika tena, ukapinda tena, na chaki ikagongagonga ubao kwa sauti ndogo ya haraka. Kumbe mkono ule uliweza kutetemeka. Stopwochi zote sita zilikuwa mezani, zimezimwa. Wanawake wawili waliutazama mkono huo, mmoja akiwa kando ya ubao na mwingine nyuma ya meza, na hakuna kati yao aliyeweza kusema unatetemeka kwa ajili ya nani.